Sanda Niliyonyimwa

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kujiandaa. Kuni alizipanga kabla ya masika, mbegu alizichagua kabla mtu mwingine hajazifikiria, na mimi nilipozidiwa na homa baada ya kujifungua, akaanza kuandaa mazishi yangu. Simlaumu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka kijijini kwetu Daudi kwenda Mbulu mjini, na aliogopa kwamba nikifa ghafla hatutapata chochote cha kunistiri. Ila nikikumbuka alivyoharakisha, mpaka leo nacheka na kukasirika kwa pamoja.

Mganga wa zahanati alikuwa amesema nipelekwe hospitali haraka. Kwa gari gani? Hiyo ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kabla Manyara haijawa mkoa, na wafanyabiashara walikuwa wakipanda kwetu na malori kununua maharage na vitunguu saumu. Kiangazi malori yalipishana. Masika hata baiskeli haikupita. Mimi nililala tu, simtambui mtu, na mtoto wangu wa kwanza akawa ananyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.

Basi mama mkwe akamwambia mume wangu, "Nenda mjini ulete kitambaa cheupe, mwanangu. Tusije tukaaibika."

Akaenda kwa miguu. Yaliyotokea dukani ameyasimulia mara nyingi na hajawahi kuyabadilisha, maana mume wangu hajui kutia chumvi. Hajui hata kudanganya, na nashukuru hivyo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, na lori pia alikuwa nalo. Alikwisha kushika mkasi alipouliza:

"Cha nini, bwana?"

"Cha kumzikia mke wangu."

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Bado."

Mzee akaweka mkasi chini. "Bado? Mtu anapumua, wewe umekuja kununua sanda?"

Mume wangu akaeleza habari ya barabara, akaeleza na habari ya mama yake. Akang'ang'ania, kwa sababu alikuwa ametembea tangu alfajiri na hakutaka kurudi mikono mitupu. Mzee akapandisha sauti mpaka watu wakasimama mlangoni. "Siuzi! Kamlete huyo mgonjwa, achana na kitambaa." Kisha akamwita dereva wake, ambaye alikuwa akingoja matope yakauke, akamwamuru afunge minyororo kwenye matairi waondoke saa ile ile.

Lori lilikwama, likakwamuliwa kwa majembe, likakwama tena. Wakanilaza juu ya magunia matupu. Mama mkwe naye akapanda na mtoto mgongoni, akinung'unika njia nzima kwamba kitambaa hakikuletwa. Hospitalini daktari alimwambia mume wangu ajiandae kwa lolote, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Walinichoma sindano, wakanitundikia dripu, wakaniangalia. Asubuhi moja nikafumbua macho nikaomba uji. Mama mkwe aliangua kilio hadi nesi akaja mbio akidhani nimekufa. Daktari alikuja akasimama pale kitandani, akasema ameona wengi wenye hali kama yangu, na walioomba uji ni wachache sana.

Nilipopata nguvu nilitoa ushuhuda kanisani. Nilisema Mungu ameniponya, na kwamba kazi yake aliianzia dukani kwa mzee wa Kiislamu. Wengine walipiga makofi, wengine nadhani walitaka niwaletee malaika. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, alinisubiri nje.

"Shemeji, wewe umepona kwa sindano," akasema. "Na yule mzee ana huruma, basi. Mungu unamwingizaje hapo?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba sindano nazikubali zote, makalio yangu yanazikumbuka vizuri, lakini hakuna sindano iliyopanda Daudi kunitafuta. Alicheka akaenda zake. Mimi maneno yake yaliniuma. Nilijua ninachokijua, ila nilikosa namna ya kumwonyesha.

Kiangazi kilipofika nilikwenda mjini, mtoto mgongoni na jogoo mkononi. Nilimkuta mzee amekaa nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Nikupe nini?"

Nikamwambia sikuja kununua. Mimi ndiye yule aliyenyimwa sanda, na huyu ndiye mtoto. Alinyanyuka, akanitazama, akamtazama mtoto, akawaita watu wa nyumbani kwake waje kutuona. Machozi yalinitoka mbele yao wote, wala sikuona aibu. Nikamwambia kwamba ninamshukuru kwa huruma yake. Akatikisa kichwa.

"Nikuambie ukweli, mama. Kitambaa cheupe nauza kila siku. Nakata, nafunga, nampa mtu aende. Siulizi cha nini, maana hayanihusu. Siku ile sijui niliulizaje. Na lori langu kulipeleka kwenye matope yale! Dereva wangu mpaka leo ananiuliza nilipatwa na nini, na mimi sina la kumjibu."

Nikamkabidhi jogoo.

"Mimi jibu ninalo," nikamwambia.