Nyumba ya Mwisho Bandarini

Nilitoka Mugeta kwa sababu simu ya dada yangu Nyanjura ilikuwa haipatikani tangu dhoruba ipige ziwa. Ni mjane, na nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kusimama Bandarini, mtaa wa zamani wa Mugango ambao ziwa limekuwa likiumega mwaka hadi mwaka.

Bunda nilipita kwa Mzee Saidi, fundi cherehani aliyehama Bandarini maji yalipoingia dukani kwake.

"Nasikia maji yamepita ghala la pamba," alisema. "Nyanjura sijasikia habari zake. Marehemu mumewe nilikuwaga namshonea mashati. Tumwombe Mungu, binti yangu."

Chai aliyonipa ilinishinda.

Kutoka Musoma nilipanda bodaboda. Kila tuliyepishana naye nilimtazama usoni, nikitafuta dalili za msiba.

Mugango, barabara ya kushukia Bandarini iliingia majini ikapotea. Palipokuwa na maduka palikuwa na mawimbi ya rangi ya udongo. Nyumba ya dada ilibaki ukuta mmoja, dirishani pazia likipepea. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa akanijia. "Unamtafuta nani?"

"Nyanjura."

"Yuko makaburini."

Nikakaa chini palepale, kwenye matope.

"Aa, pole mama! Ni mzima! Anamhamisha mumewe."

Nilikimbia. Dada alikuwa kando ya kaburi lililofukuliwa, pamoja na wanaume wa kanisani kwake. Maji yalikuwa yanachuruzika ndani ya shimo, na upande wa kisiwa cha Rukuba mbingu ilikuwa nyeusi.

"Simu ilizama," alisema, bila hata salamu. "Shika shuka hilo, mdogo wangu. Nyumba ziwa na liichukue. Huyu hapana."

Tulipandisha mifupa mlimani huku upepo ukitusukuma. Sala ilikuwa fupi. Mvua ilianguka wakati koleo la mwisho likimwagwa.

Kesho yake tulirudi pamoja. Njia nzima nilijiona mjinga: miaka yote nilimlaumu kwamba ameng'ang'ania matofali, kumbe alikuwa anamlinda mtu. Sikuwahi kumuuliza.

Mugeta, alisimama uani kwangu, mzigo ukiwa bado kichwani.

"Maji mnachotaga wapi?"

"Mbali, dada. Mgongo utauma."

"Vizuri," alisema, akatua mzigo.