Boriti Juu ya Uwanja wa Ndagala

Jirani yangu Mama Arlette hana subira, nami sina, ndiyo maana tunapatana. Ziwa lilipopanda likabeba nyumba ya mama yake kule Moba, aliapa kumjengea chumba hapa Kalemie, mzee asiendelee kulala kwa watu.

Alichagua ule uwanja anapoanikia ndagala, dagaa wetu. Sisi watu wa ziwa tunauamini uwanja wa ndagala kuliko mwamba, kwa sababu miaka yote tunaukanyaga tukigeuza samaki. Lakini haukutosha chumba kizima, basi nusu ikaangukia kando, kwenye udongo laini uliojazia shimo la zamani. Fundi Papa Ruffin akamwaga boriti nzuri ya msingi, beto, yaani zege, na vyuma ndani, akapandisha kuta. Mvua za kwanza tu, ukuta ukapasuka katikati, chini hadi juu.

Arlette alilia. Mimi nilikasirika, nikataka kumvaa Ruffin. Naye akasema ataongeza vyuma.

Arlette akafuta machozi, akachukua jembe, akaufuata ufa hadi chini. Uliishia pale pale uwanja unapokoma.

"Papa Ruffin, kuya uone. Huku boriti inashikwa, kule inaachwa. Itakosa kuvunjika namna gani?"

Ruffin alichuchumaa, akabonyeza udongo huku na kule, kisha akacheka peke yake. "Mama, njo ile, umeona kweli. Uwanja wako ni mugumu sana kupita huu udongo wa shimo."

Basi wakabomoa, wakauchimba na ule uwanja wenyewe! Mtaa mzima ulisema wamerukwa na akili, na nilifurahi kuwajibu mmoja mmoja. Wakatandaza mchanga na changarawe pande zote mbili, unene mmoja, halafu Arlette akatuita wauza ndagala wote. Tuliukanyaga huku tukiimba, huku na kule sawa, hadi miguu ikawaka moto. Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Ruffin akamwaga boriti mpya, akajenga, akazungusha mstari wa makaa ukutani, akipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, hadi kwenye ukuta wa nyumba ya zamani ya Arlette iliyo kando.

Mvua ikaja, ikanyesha kweli. Ilipokatika tulikimbilia kule wote watatu. Pale karibu na nyumba ya zamani mstari ulikuwa umeachana: ule wa chumba kipya ulikuwa chini ya ule wa nyumba ya zamani kwa upana wa kidole. Ruffin akakizunguka chumba na mpira wake, pembe hadi pembe. Maji ndani ya mpira yalilingana na mstari mpya kila mahali. Ufa haukuwepo hata wa unywele.

Arlette alikuwa tayari na simu sikioni, anampigia mama yake huku anacheka.

"Mama, nyumba imeshuka."

"Imeshuka, na weye unacheka?"

"Imeshuka yote pamoja, Mama. Panda boti, kuya kulala kwako."