Kapu Moja la Wagonjwa Wote

Ofisini walimwita Pilipili, na siku ile aliwasha kwelikweli. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, na iliyomtia hasira ilikuwa programu ya kugawia dawa hospitalini, iliyotakiwa kuanza kutumika kesho yake.

Alikuwa amesema mpaka koo likamkauka: nesi akimchagua mgonjwa kwenye dirisha la kwanza la skrini, dirisha hilo limkabidhi mgonjwa huyo kwa dirisha la dawa, mkono kwa mkono. Mwenzake, Mwepesi, akaona huo usumbufu. Akatengeneza kapu moja la kuwekea taarifa za mgonjwa. Kila dirisha linatupa humo, kila dirisha linachota humo. Ukifungua mgonjwa wa pili, wa kwanza kafutika kapuni, jina lake limebaki tu juu ya dirisha kama kibao cha duka lililohama.

"Nani atafungua wagonjwa wawili kwa pamoja?" Bosi akauliza, macho kwenye simu.

"Kila nesi! Dada yangu ni nesi, bosi. Anaanza na huyu, anaitwa kwa yule, anarudi."

"Mtarekebisha baadaye. Mteja anasubiri."

Baadaye! Damu ikamchemka Pilipili. Akavuta kiti, akamsukumia Bosi kibodi. "Haya, mwandikishe mwanao. Na dawa inayomdhuru, usifiche."

Bosi akacheka, akaandika: binti, miaka sita, penisilini marufuku. Pilipili akafungua dirisha jingine, la mzee wa kutunga asiyedhuriwa na dawa yoyote, kisha akamrudisha Bosi kwenye dirisha la binti yake. "Mpe penisilini."

Bosi akabonyeza. Onyo hakuna. Mashine ya kuchapa ikakoroma, ikatoa karatasi: jina la mtoto, penisilini, dozi ya mtu mzima.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bosi akaishika ile karatasi, jasho likamtoka. Mwepesi akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Kesho hatupeleki," Bosi akasema kwa sauti ndogo. "Rekebisheni. Asante, dada."

Mwingine angeridhika. Pilipili ndio kwanza hasira ikampanda.

"Asante ya nini? Wiki nzima nawaambia watoto wa watu watakufa, mkaniita mkorofi. Kumbe mpaka awe wako!"