Aliyeshika Nyuma

Chama chetu cha kubeba wagonjwa hakikuwa kimemaliza mwezi tulipoitwa mara ya kwanza. Mchuma chai mwenzetu alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali ya misheni ilikuwa juu mlimani. Tulikimbilia machela yetu, tuliyoishona wenyewe kwa magunia, kama watu wanaoenda harusini!

Kiongozi tuliyemchagua akasema, "Nyinyi wawili shikeni mbele. Mimi nyuma."

Nikakasirika. Shambani anayetembea nyuma ni mnyapara, mikono mitupu, akitufokea. Nikajisemea: huyu naye, cheo kimeshamlevya.

Mlima ukaanza. Tukapanda tukiimba, mimi Kijaluo, mwenzangu Kikipsigis, nami nikashangaa mzigo ulivyokuwa mwepesi. Nikaongeza mwendo, nikaimba kwa nguvu zaidi.

Tulipofika, wauguzi walimkimbiza mama ndani. Mlinzi wa lango akauliza, "Mkubwa wenu ni nani?"

Tukageuka. Kiongozi wetu alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anahema, mabega yamechubuka. Mlima mzima, uzito wa yule mama ulikuwa umerudi nyuma, umemlalia yeye.

Kabla hajapata pumzi ya kujibu, mtoto akalia.