Gauni la Harusi Silitoi Mpaka Mdogo Wangu Akapime Mafuta ya Damu

Admin, naomba ufiche jina langu, ingawa watu wa kijijini kwetu Mollo wakisoma watanijua tu. Wanijue. Mimi ni dada wa miaka 28, fundi cherehani hapa Sumbawanga mjini, na ni mwembamba hadi wateja wananitania kwamba upepo wa huku utanibeba. Nalisema hilo kwa sababu ugonjwa nilionao watu wanadhani ni wa matajiri wenye vitambi.

Mama alifariki zamani, tukiwa wadogo sana. Baba naye akaanguka shambani akafa, mimi nikiwa shule ya msingi. Kisha kaka yetu akaanguka Laela akipakia mahindi kwenye lori, mkono kifuani, akafa hata miaka thelathini na tano hajafika. Shangazi, dada wa baba aliyetulea, alisema katupiwa kitu na wenye wivu kwa kuwa alikuwa ametoka kununua pikipiki. Nikaamini.

Mwaka jana kifua kikaanza kunibana kila nikipanda kilima. Daktari akaniuliza habari za ukoo, akakagua vivimbe nilivyonavyo nyuma ya visigino, nikatolewa damu. Majibu yakaja kwamba kolesteroli, yaani mafuta mabaya kwenye damu, iko juu sana, na ni ya kurithi. "Hii umezaliwa nayo," akaniambia. "Ndugu zako wapimwe kabla hawajaumwa." Nikaanza dawa, na sasa naendelea vizuri.

Nimebakiwa na mdogo wangu wa kike, na anaolewa. Juzi nilikuwa namjaribisha gauni ninalomshonea. Nikapiga magoti kupima pindo, nikaona vivimbe vilevile visiginoni mwake. Nikamwambia shangazi tumpeleke akapime, akawaka.

"Mafuta gani wewe? Maisha yetu yote tunakula ugali wa ulezi na maharage, hayo mafuta yametoka wapi? Tangazo la kwanza la ndoa limeshasomwa kanisani! Unataka watu wa upande wa bwana harusi waende kwa paroko waseme kuna kizuizi?"

"Shangazi, mafuta ya damu si kizuizi cha ndoa."

"Nyamaza mpaka ndoa ipite. Mengine atajijua na mume wake."

Atajijua lini? Daktari alinieleza kwamba dawa hizi kwa kawaida husimamishwa mwanamke akipanga kushika mimba, kwa hiyo binti ni vizuri ajue hali yake mapema. Na ndoa za kwetu mnazijua, mwezi wa pili tu mama mkwe ameshaanza kukuangalia tumbo. Nilikasirika, na hasira bado ninayo. Gauni nimelifungia kwenye kabati la ofisini, ufunguo ninao mimi, na nimesema halitoki mpaka apime. Shangazi anapita nyumba hadi nyumba akisema nina wivu kwa kuwa mdogo wangu ananitangulia kuolewa. Aseme. Kama kumtaka mtu aishi ni wivu, basi ninao mwingi sana.

Kinachoniuma ni mdogo wangu mwenyewe. Jana alikuja ofisini analia.

"Dada, nikipima nikakutwa nayo, akiniacha je?"

"Akikuacha utalia ukiwa hai. Kaka hakupata hata muda wa kulia."

Akafuta machozi kwa khanga. Kisha akasema, "Nitapima. Ila mchumba wangu mwambie wewe, mimi siwezi."

Shangazi kasikia, ameapa nikimfuata huyo kijana nisikanyage kwake tena. Na shangazi nampenda, jamani. Ndiye aliyenifunga kwenye mgongo wake akaniita mwanangu, sina mama mwingine.

Jumapili hii linasomwa tangazo la pili. Je, nimwendee shemeji kabla ya hapo nimpoteze shangazi, au kuna namna ya kumwelewesha huyu mama kwanza? Nishaurini, nifanyeje? Ila asitokee mtu wa kuniambia ninyamaze. Kwa kunyamaza tumeshamzika baba na kaka.