Upole wa Kuombea Gobore

Baba yangu alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri, nasema sauti. Akimwita mtu shambani, wavuvi walioko kwenye mitumbwi waliitika wakidhani wameitwa wao. Hasira zake nazo zilikaa karibu, hazikuwa za kutafutwa. Chumvi ikipungua, kelele. Jembe likihamishwa mahali pake, kelele. Mimi nimerithi vyote viwili, sauti na hasira, kwa hiyo nikimsema simdharau, nasema kitu ninachokijua.

Zamani, tulipokaa peke yetu mlimani, kelele zile zilikuwa zetu wenyewe. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kibara, nyumba zikapangwa mstari, na kelele za baba nazo zikawa za ujamaa. Akimgombeza mama kwa sababu ya mboga, mstari mzima ulijua kwamba leo kwetu wanakula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kwamba samaki wenyewe wameungua. Mama hakujibu. Alikuwa mtu wa kimya, au ndivyo tulivyodhani.

Mashamba yetu yalikuwa chini, karibu na ziwa, na la kwetu lilikuwa la mwisho kabisa. Viboko walilipenda kuliko sisi. Usiku mmoja walipanda wakala mahindi yaliyobakiza siku chache tuanze kuchoma. Asubuhi baba alisimama katikati ya nyayo zile, kila moja unaweza kuogea, akaapa kwamba hatalima tena bila bunduki.

Mjomba wetu wa Butiama, kaka yake mama, alikuwa na gobore lenye kibali. Akamwambia baba kwamba gobore lingine si kazi kulipata, kazi ni karatasi. Basi wakafunga safari pamoja mpaka Musoma, kituo cha polisi. Habari za huko alituletea mjomba mwenyewe, huku akifuta machozi kwa kucheka.

"Askari wa mezani kamwambia, 'Mzee, bunduki haianziagi hapa. Inaanziaga kwa balozi wako wa nyumba kumi, inapanda kwa mwenyekiti wa kijiji, mkutano unakujadili, ndipo inafika kwetu.' Shemeji akavuta pumzi. Nikajua leo tunalala ndani! Askari akaendelea, 'Na tutauliza kama wewe ni mtu wa hasira. Mtu wa hasira hapewi silaha. Tutaanza na mkeo.' Loo! Ile pumzi aliyovuta, mwenzangu akaimeza. Kwa macho yangu niliiona inashuka."

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilipata baba mwingine.

Balozi wetu alikuwa na mbuzi mmoja asiye na adabu. Mbuzi yule akaja kula makopa ya muhogo aliyoyaanika mama juu ya jiwe, na baba amekaa palepale. Watoto wote tukaziba masikio. Baba akamwangalia mbuzi, akamwangalia balozi aliyekuwa anakuja mbio na fimbo, akasema, "Mwache, balozi, naye ana njaa." Balozi alibaki ameinua fimbo hewani. Alikuwa amejiandaa kwa vita, sasa vita hakuna, hakujua hata pa kuiweka fimbo yake.

Bibi, mama yake baba, alisikia habari hizo akaja kwa miguu kutoka kijiji cha pili. Alimshika mwanawe paji la uso kutafuta homa. Akauliza nani amemloga. Baba akamjibu kwa upole kwamba hajalogwa, na upole ule ndio uliomthibitishia bibi kwamba amelogwa kabisa.

Mama ndiye aliyeanza kumjaribu. Siku moja alitia chumvi kwenye mchuzi mpaka sisi wenyewe tukatazamana. Baba alimeza tonge la kwanza, akavuta pumzi. Mama, bila kuinua macho kwenye sahani, akasema taratibu, "Musoma wataniuliza." Pumzi ikashuka. Baba akasema, "Asante, mama watoto. Imekolea."

Toka hapo maneno hayo yakawa dawa ya nyumba. Pumzi ikianza kupanda tu, "Musoma wataniuliza", inashuka. Na katika kimya kile tukamsikia mama. Kumbe mama alikuwa mcheshi! Aliweza kumwigiza balozi anavyohutubia, na mwenyekiti anavyokohoa kabla ya kusema uongo, mpaka tukashika mbavu. Aliimba akisaga mtama. Alitueleza jinsi alivyoolewa, habari ambayo kwa miaka yote hakuna aliyekaa kimya vya kutosha aisikie. Nilimpenda sana mama wa miezi ile, na niliogopa. Niliogopa kwamba siku kibali kitakapofika, tutampoteza. Baba yule wa zamani atarudi, tena safari hii na bunduki.

Tatizo lilikuwa viboko. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kuna kiumbe mwingine aliyekuwa anamsikiliza baba. Miaka yote alikuwa anakaa jioni kwenye dungu, kile kitanda cha miti cha kulindia shamba, akiwatukana viboko matusi ya ukoo wao mzima, na sauti ile ilifika ziwani. Siku moja moja tu, njaa ikiwazidi, ndipo walipothubutu. Sasa aliogopa mtu asije akamsikia, akaenda kusema kwamba ana hasira. Alikaa juu ya dungu akigonga debe kidogo kidogo, kwa heshima. Viboko walisikiliza siku mbili tatu, wakaelewa. Wakapanda. Wakala kwetu, wakala kwa balozi, wakaingia mpaka shamba la ujamaa. Na kadiri walivyokula, ndivyo baba alivyozidi kuhitaji bunduki, na ndivyo alivyozidi kunyamaza ili aipate.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kujadili ombi lake. Kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti akakohoa, mama akanitazama, nikauma kanga nisicheke.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akasema, "mwenzetu anaomba gobore. Kuna mtu anayemjua kuwa na hasira?"

Watu wakaangalia miguu yao. Balozi akasimama akasema kwamba kwa ushahidi wa mbuzi wake, mzee huyu ni mpole, na simba mwenda pole ndiye mla nyama.

"Nyama ipi?" akadakia mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, mwenye shamba lililopakana na letu. "Mwenzenu nimeliwa mpaka majani ya viazi! Alipokuwaga anapiga kelele tulikuwaga tunavuna. Mpeni bunduki, msimpe, mimi nataka kelele zangu zirudi!"

Mkutano ukaangua kicheko. Wengine wakapiga makofi. Hata baba alitabasamu kidogo, kwa tahadhari. Mwenyekiti alipoweza kupata utulivu akasema imebaki shahidi mmoja, mke wa mwombaji, kwa kuwa Musoma wanataka maneno yake.

Mama akasimama, akafunga kanga vizuri. Sikuwahi kumwona anasema mbele ya watu.

"Ndugu mwenyekiti, huyu mtu nimeishi naye tangu sijaota mvi. Mimi nilijua kugomba ni maumbile yake, kama vile mwingine anazaliwaga na kengeza. Nikasema, Mungu kamuumba hivyo, nivumilie. Na watoto nikawaambia hivyohivyo." Akamgeukia baba. "Sasa nimeona. Kumbe anawezaga kunyamaza. Kwa ajili ya bunduki, anawezaga. Miaka yote hiyo, kwa ajili yangu, hakuweza. Basi andikeni mnavyotaka."

Akakaa.

Mwenyekiti hakukohoa. Baba alikuwa anaangalia mikono yake, na mimi niliona uchungu, nikataka kumkimbilia mama, na nikaona haya kwa ajili ya baba, vyote kwa pamoja.

Baba alisimama. "Ndugu mwenyekiti," alisema, na alisema chini sana hata walio nyuma wakauliza kasemaje, "hilo ombi naomba nirudishiwe."

"Unaghairi?"

"Naghairi. Hao viboko nitawafukuza kama zamani."

Jioni ile alipanda dungu. Mungu wangu! Matusi ya miezi yote aliyoyameza aliyamwaga kwa viboko, mmoja mmoja, na baba zao, na mama zao. Wavuvi waliitika. Jirani yetu alitoka nje akapiga vigelegele. Chini kwenye matete tukasikia maji yanavyopasuka, viboko wanarudi walikotoka.

Kisha tukasikia hatua zake zinakuja nyumbani, na sisi watoto tukasogeleana jikoni, maana sauti ilikuwa imefunguliwa na sasa hakukuwa na kibali cha kusubiri. Mama alipakua. Sijui ni kwa mawazo ya mkutano au ni kwa makusudi, lakini ugali ule ulikuja na mboga isiyotiwa chumvi hata chembe.

Baba akamega, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akavuta pumzi, na tukaiona inapanda, inapanda.

"Musoma wataniuliza," mama akasema, macho kwenye sahani.

Musoma hawakuwa na cha kuuliza tena. Ombi lilikuwa limefutwa mchana uleule mbele ya kijiji kizima, na wote wawili walijua. Baba alimtazama mama. Kisha ile pumzi ikashuka.

"Nisogezee chumvi, mama watoto," akasema.