Tepu ya Mkono wa Kushoto

Fundi bomba huyu alikuwa mkali tangu zamani, na kiharusi kilipomlegeza mkono wa kuume, ukali ukazidi maradufu. Aliyekuja kumjulia hali aliulizwa, "Nimekufa? Mbona unanililia?" Mkewe alikwisha kumzoea. Ambaye hakuachwa apumue ni mdogo wake, fundi pia, kazi kafundishwa na mzee huyuhuyu, maana sasa wateja walimwita yeye.

Mzee akaapa kuwakomesha wote. Angebadilisha bomba za jikoni kwake, peke yake, kisha wateja waje waone. Kazi ikishika, anarudi mtaani na mfuko wake wa spana. Isiposhika, ufundi basi. Alichagua kiangazi, kama alivyozoea miaka yote, kwa kuwa plasta hukauka upesi.

"Kaka, maji ni ya mgao, yanachuruzika tu," mdogo wake akamwambia mlangoni. "Usizibe ukuta. Ngoja mvua, maji yarudi na nguvu, tujaribu maungio kwanza."

"Siku hizi yai linamfundisha kuku. Nenda zako."

Akaibana bomba kwa magoti, akazungusha tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji kwenye meno ya bomba kwa mkono wa kushoto, akakaza, akapiga plasta na rangi juu. Ukuta ulipendeza, tuseme ukweli. Kila asubuhi aliupapasa, kisha akatoka nje kumsema mdogo wake kwa majirani.

Mvua zikaja. Maji yakarudi kwa kishindo, rangi ikavimba, sakafu ikalowa. Mkewe hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwita shemeji yake.

Plasta ikavunjwa. Ungio la kwanza, la pili, la tatu, kote tepu ilikuwa imejikusanya donge.

"Umezungusha kinyume, kaka," mdogo akasema. "Kila ulipokaza, ukaibandua. Mkono wa kushoto umekugeuza."

"Toka kwangu."

"Atatoka akimaliza," mke akasema. Akaingia chumbani, akainama uvunguni mwa kitanda, akautoa mfuko wa spana wa mumewe, akamkabidhi shemeji. "Na huu uende nao. Huku unaota kutu tu."

Mzee alimchukia mkewe pale, akamchukia hasa. Mdogo akakata tepu mpya, akaanza kuzungusha. Mzee akasogea, maji yamemfika juu ya malapa.

"Ivute," akafoka. "Ivute ilale, mjinga wewe. Mimi nilikufundisha hivyo?"

Mdogo akaivuta. Lakini spana hakumpa kaka yake.